Gitaa la Mpima Macho

Hedifoni zilikuwa zimembana tena. Mpima Macho alizivua, akavuta upinde wake huku na huku, akazivaa upya. Jana jioni alizilegeza kwa mkono wake mwenyewe, na leo zilimkaa kama kofia ya mtoto.

“Nadhani kichwa changu kinakua,” alimwambia mke wake.

“Hilo mtaa mzima unalijua,” mke alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

Alicheka. Alikuwa mtu wa kujicheka, na sababu hazikumpungukia: umri wa kuitwa babu, kitambi cha kuegemezea gitaa, na vidole vilivyojua kupachika vioo vya miwani lakini vikigusa nyuzi vinakuwa kama vya kuazima. Gitaa lenyewe, la umeme, jekundu, lilikuwa zuri kumzidi mwenye nalo.

Hedifoni zilinunuliwa kwa sababu ya mama mkwe. Alikuja kukaa nao magoti yalipoanza kumsumbua, na siku ya kwanza tu Mpima Macho alipowasha spika ya gitaa, bibi alitokea mlangoni na mkongojo wake. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Baba,” alisema kwa upole, “hicho kitu hakina namna ya kusikilizwa na mwenyewe peke yake?”

Mkwe ni mkwe. Kesho yake alirudi na hedifoni, na tangu hapo alifanya mazoezi kimya kimya sebuleni, akimhurumia mama wa watu asiyependa muziki.

Kuacha hakuweza. Bendi ya mtaa, iliyokuwa ikikutana kwenye karakana ya seremala, ilikuwa imeondokewa na mpiga gitaa wake wa pili, na Jumamosi wangewasikiliza wanaoitaka nafasi hiyo. Ujanani kila bendi aliyoiendea ilimwambia arudi baadaye. Baadaye ndiyo hii. Aliitaka nafasi ile mpaka roho ikamuuma, na kwa kuwa mdomo wake hauna breki, alikwishawatangazia wateja wote. “Soma mstari wa chini,” alimwambia kila aliyeziba jicho moja, “na Jumamosi uniombee.”

Akishindwa, angewatazama vipi machoni, na kazi yenyewe ni hiyo?

Jambo moja lilimpa moyo. Kila jioni aliliacha gitaa nyuzi nyingine zimelegea, nyingine amezikaza ovyo, na kesho yake akitoka kazini alilikuta linalia sawasawa kama limetoka dukani. Wenzake hununua vifaa vya kupimia sauti. Yeye, alijiambia, alijaliwa mkono wa baraka.

Mezani alikula haraka haraka, wimbo bado unamzunguka kichwani.

“Usikimbie pale katikati, baba,” alisema mama mkwe. “Hakuna anayekufukuza.”

Akapunguza mwendo, akatafuna vizuri. Kweli, alikuwa amefika katikati ya sahani.

Ndipo alipoiona mikono ya bibi. Kucha za kulia zilikuwa ndefu, safi. Za kushoto zilikatwa mpaka karibu na nyama. Akaingiwa na hofu, maana alimpenda mama huyu, na wazee wengi waliofika kwake walianza hivyo hivyo, nusu wanaona, nusu hawaoni.

“Mama, kesho twende dukani nikupime macho. Umekata kucha za mkono mmoja, huu mwingine umeusahau.”

Bibi alitazama mikono yake kama mtu aliyekamatwa na kitu cha watu. “Uzee huo, baba,” alisema, akaificha chini ya meza.

Kesho yake bibi alisoma mpaka herufi za chini kabisa, zile ambazo Mpima Macho mwenyewe anazijua kwa kukariri tu. Alimpigia mke wake simu kwa huzuni. Macho ya mama ni mazima, alimwambia, basi kinachochoka kitakuwa akili.

Jumamosi mama mkwe aliondoka mapema, akaaga kwamba anakwenda kuangaliwa magoti. Mpima Macho alishukuru kimoyomoyo. Kama aibu ingemkuta siku hiyo, afadhali mkwewe asijue alikokwenda.

Mchana ulipofika alisimama karakanani, miguu kwenye maranda ya mbao, akachomeka waya kwenye spika kubwa, akapiga. Wimbo uliokuwa mtamu masikioni mwake ulitoka kama mtu anayeburuta viti. Alikimbia katikati, akajikwaa, akainuka, akafika mwisho shati limelowa jasho. Mpiga ngoma alikuwa akitazama dari.

“Si haba,” alisema seremala. “Umepiga kwa moyo. Ila ndugu yangu, nisikudanganye. Asubuhi kaja mtu hapa, kapiga mpaka chai zetu zikapoa mikononi. Nafasi tumempa yeye. Na ndiye aliyetusihi tukungoje, tukusikilize hata hivyo.”

Aliwafikiria wateja wake wote, mmoja mmoja, wakiingia dukani Jumatatu na tabasamu.

“Kijana gani huyo?” aliuliza.

Seremala alikuna kichwa, akageuka kutazama nyuma ya rundo la mbao.

“Usivunjike moyo, baba,” alisema mama mkwe wake, akitoka huko na gitaa la bendi shingoni, kucha zake ndefu za kulia juu ya nyuzi. “Nimewaomba wakupe manyanga ya kutikisa.”