Maua ya Saa za Kazi

"Wafungie kuku, Nyanzala, usiku unaingia," alisema mama yake, akipapasa kitanda apate kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua linawaka.

Nyanzala alitoka nje damu ikimchemka. Bustani yake, aliyoiacha ijiotee kama pori, ilikuwa inanukia kote. Maua yale meupe ya mwituni hayakuwahi kumdai maji wala mbolea. Kila jua likizama yalifunguka, na harufu yake ndiyo iliyomjulisha mama yake, asiyeona, kwamba siku imekwisha. Lakini sasa sheria inataka kila chenye harufu kinukie saa za kazi, ili kikaguliwe. Wiki iliyopita Lusajo, afisa harufu wa kata, alikuja akayadunga sindano shina kwa shina.

Na leo huyo hapo getini, na kipimo chake mkononi.

"Safi kabisa, dada. Yamefuata saa."

"Safi nini? Nondo wanakuja jioni wanakuta yamefumba! Mbegu zitatoka wapi? Na mama yangu analala mchana, halafu usiku kucha anadai chai! Yarudishe yalivyokuwa, la sivyo hicho kidude chako nakitupa chooni sasa hivi!"

Lusajo hakukasirika. Alichungulia dirishani, akamwona mama ameshajifunika shuka gubigubi.

"Pole sana, dada. Ungesema mapema," alijibu kwa upole, huku akifungua mkoba wa sindano. "Mama ana kilo ngapi?"