Mkono Usio na Kidole Gumba

Bi Saumu alikuwa akijifunza lugha ya alama kwenye tovuti moja, kwa simu yake kuukuu, maana Nuriati, mchumba wa mwanawe, alikuwa kiziwi.

"Tatu, hebu njoo," alimwita binti yake. "Mbona mkono huu hauna kidole gumba?"

Tatu akachungulia. Kila mkono uliochorwa ulipogeuka, kidole kilitoweka. Hitilafu ilikuwa kwenye programu huria iliyochezesha picha za tovuti ile, programu ambayo yeyote aliruhusiwa kuirekebisha. Tatu, aliyejua kuandika programu, alihangaika nayo mpaka ikakubali, akawatumia wasimamizi wa programu hiyo marekebisho, nao wakayapokea; kidole gumba kikarudi.

Nuriati alipofika, Bi Saumu alisimama mlangoni, akainua mikono na kuashiria: Karibu, mwanangu.

Nuriati akajibu kwa mikono yote miwili, harakaharaka, bila kituo. Bi Saumu, asiyeambulia hata neno moja, akacheka na kumwashiria aendelee.