Pilau ya Chembe Mbili za Nuru

Siku hizi kila nyumba ya Lushoto ina sanduku ukutani la kuhesabu chembe za nuru, lenye mtungi wake wa gesi. Chini ya mtaa, kwenye mtambo, elektroni hugonga nyutroni, na kwa kawaida hupita chembe moja tu ya nuru kati yao. Zikipita mbili, sanduku la nyumba mojawapo hulia, na ni sheria nyumba hiyo ipikie mtaa mzima pilau.

Miaka sita Mama Hoza alikula pilau ya wenzake. Leo sanduku lake likalia. Akapiga vigelegele, uani kukajaa watu na sahani zao.

Jiko likagoma kuwaka. Mumewe akachutama, akasoma mtungi.

"Mama Hoza, hii ni gesi ya sanduku. Haiwaki."

"Na ya kupikia?"

Wote wawili wakageukia ukutani. Jana aliyebadilisha mitungi yote miwili ni Mama Hoza mwenyewe.

Baba Hoza akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa sanduku limehesabu nini?"

"Nyamaza, lete kuni."

Pilau ikaiva, ikasifiwa. Jirani yao, Mama Shekue, akaona majivu, akauliza, akaambiwa habari ya mitungi. Akaacha kutafuna.

"Pilau yangu ya mwaka jana," akasema taratibu, "nayo niliipika kwa kuni, jiko lilipogoma kuwaka."