Mstari wa Chaki na Mstari wa Mkaa

Fundi alikuwa amekwisha kupiga mstari wa chaki ukutani, mahali itakapojengwa meza ya zege ya jiko jipya. Siwatu akausogelea, akakunja mikono kama anayekanda unga wa chapati. Mstari ulimfika kifuani, viwiko vikapanda kama mabawa ya kuku aliyekamatwa.

"Nani kapima hapa?"

"Mzee alipita jana, mama," fundi alisema, huku akikoroga saruji iliyokwisha kukorogeka. "Alinionyesha kwa kiganja. Akasema hapahapa."

Siwatu akamgeukia mumewe, aliyesimama dirishani. Machano naye ni mfupi, hata yeye meza hiyo ingemsumbua.

"Baba Kombo, umempimia nani?"

"Ndivyo wanavyojenga siku hizi. Utazoea."

"Nizoee kukanda unga kwa kidevu?"

Machano alikuwa akitazama nje ya dirisha, na huko nje hakukuwa na kitu cha kutazama.

Siwatu akaokota kipande cha mkaa, akajipima kiunoni, akachora mstari wake chini ya ule wa chaki. "Jenga huu, fundi."

Fundi akamtazama Machano. Machano akajifuta jasho.

"Basi jenga zote mbili," akasema taratibu. "Ya chini ukuta huu, ya juu ukuta ule. Jiko lina nafasi."

Siwatu akaenda hadi kwenye ukuta wa pili, mkaa ungali mkononi. Akasimama pale, akanyoosha kiganja juu ya kichwa chake, akakipandisha kidogo, kisha kidogo tena, kama anayemkadiria urefu mwanamke ambaye bado hajaingia nyumba hii.