Surua ya Ulezi

"Usijikune. Na usijilambe," Pascasie alimwambia Juma, akambandika punje nyingine ya ulezi shavuni.

Kazi ile ilitaka mkono mwepesi. Kwanza uji mzito, kisha punje, halafu tone la mawese juu yake ili kipele kiive vizuri. Kabla jua halijapanda, darasa zima lilikuwa na surua, na hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa mgonjwa.

Yote yaliletwa na amri. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, surua ilikuwa imeshuka kutoka milimani hadi karibu na Rumonge, na burugumesta, mkuu wa mji, akatangaza: watoto wazima wakae kwao; wenye vipele walazwe shuleni, mbali na watoto wachanga. Soko hakulifunga. Akina mama walijaribu kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, huku wakikimbizana na watoto kati ya mafungu. Mmoja alirudi nyumbani jioni na mtoto wa mwenzake. Ndipo wakamwendea mwalimu.

"Utukalie nao tu, madamu. Hata wasiposoma."

Pascasie hakujua kukataa. Alijua kwamba akikamatwa atafukuzwa kazi, na wale mama watapoteza sehemu zao sokoni. Lakini ndagala hazimngoji mtu.

Asubuhi hiyo muuguzi wa zahanati, Bwana Amissi, akatokea mlangoni bila hodi. Watoto wakajitupa mikekani wakaanza kugumia. Mmoja alizidisha, akawa anamwaga wosia.

"Amahoro, madamu. Mbona hakuna anayekohoa?"

Darasa zima likakohoa.

Amissi alipita polepole kati ya mikeka, mikono mgongoni.

"Mimi nilisema tangu mwanzo, shule si mahali pa kulelea watoto. Kila mama alee wake. Mke wangu anauza mawese pale sokoni kila siku, na mutoto wetu iko nyumbani, mzima. Wanapanga namna gani, mimi sijui. Lakini hawajanisumbua hata siku moja."

Pascasie akatazama sakafu.

Hapo kuku wa jirani akaingia. Akageuza shingo, akamwona Juma, akamsogelea. Akadonoa kipele cha shavuni. Kikatoka. Akadonoa cha pili, na Juma, aliyekuwa mahututi, akacheka kwa kutekenywa.

Amissi aliinama, akabandua kipele kimoja kwa ukucha, akakitia mdomoni na kukitafuna.

"Ulezi," alisema.

"Bwana Amissi, nisikilize kidogo. Hawa mama zao..."

"Utaeleza kwa burugumesta. Nikitoka hapa naenda kwake. Shule hii itatiwa kufuli leo, na wewe utatafuta kazi nyingine. Labda ya kupika uji."

Akaanza na mkeka wa kwanza. "Wewe, umepona. Simama, nenda kwenu." Akaenda wa pili. "Wewe pia umepona." Wakasimama mmoja mmoja, wakitazamana. Tangu aanze uuguzi, hakuwahi kuponya watu wengi namna ile kwa asubuhi moja, na ilionekana kazi imeanza kumpendeza.

Akafika mkeka wa mwisho, kule pembeni, ambako mtoto alikuwa amejifunika kitenge gubigubi.

"Huyo umwache," Pascasie alisema haraka, akamkinga kwa mwili wake. "Nakuomba, Bwana Amissi. Huyo hali yake ni mbaya kweli."

"Hata huyu amepona."

Akamsogeza mwalimu kando, akakivuta kitenge. Kasichana kalikuwa kamelala chali, macho kameyafumba, kidevu kimeinuliwa kwa uangalifu.

"Baba, usiniguse usoni," kalisema. "Mama amesema bado sijakauka."