Goti la London

Projestus alikunja suruali ya mguu mmoja mbele ya watu wote waliotoka misa, na waliokuwa nyuma wakapanda ngazi za kanisa ili waone. Kovu lilikuwa refu, jembamba, limenyooka kama lililopigwa rula. Katekista Fransis akaliinamia, akalikagua, kisha akawaambia watu wamshukuru Mungu aliyewapa Waingereza mikono ya namna ile.

Wakamshukuru. Walipomaliza, Projestus akashusha suruali, akashika fimbo yake, akaenda zake nyumbani akichechemea.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Huyu bwana alikuwa karani wa viwanja, mtu wa Bukoba, mpole, na serikali ilikuwa imempeleka Uingereza miezi sita akajifunze zaidi kazi yake. Goti lilimsumbua miaka mingi. Kule ngazi za bwenini zikalimaliza, akalazwa hospitali London, akapasuliwa bure. Temeke nzima ilizijua habari hizo. Mkewe, Apolonia, alikuwa amesali novena tatu. Sasa mtu karudi na kovu la kizungu, na anatembea vilevile alivyoondoka.

Aliyekerwa zaidi ni Fransis. Alikuwa ameshautangaza muujiza mpaka parokia za jirani, na muujiza wenyewe unaonekana kila siku sokoni unachechemea. Akamfuata nyumbani kumwonya kwamba kuchechemea baada ya kutendewa makubwa vile ni kukosa shukrani. Projestus akakubali. Akaambiwa asali rozari mara mbili kwa siku, akakubali. Akaambiwa hata hiyo fimbo aiache, maana ni alama ya imani haba. Akakubali pia, akaiegemeza ukutani, na kesho yake akaanguka mlangoni.

Jamani, kuna watu hawajui kukataa. Ofisini walimpendea hilohilo.

Bi Mauwa, mama wa Kizaramo wa nyumba ya pili, hakuwa na habari na novena. Yeye alileta chupa ya mafuta ya nazi aliyoyachemsha na karafuu, akataka kumkanda mwenyewe. Projestus akaona haya. Apolonia akaipokea chupa, akashukuru, na kazi akaifanya yeye kila jioni, chumbani, mlango umefungwa. Baada ya wiki mbili Bi Mauwa akaja kukagua.

"Mwanangu, mbona kovu kavu hivi?" akauliza. "Mafuta yangu mnakaangia samaki?"

Apolonia akasema yanaingia ndani. Bi Mauwa akaguna, akachukua chupa yake tupu, akaondoka.

Mzaha kando, nyumba ile ilikuwa na hofu. Kazi ya karani wa viwanja ni miguu: kutwa kucha uko vichochoroni unahakiki mipaka na kuamua ugomvi wa michongoma. Ofisi ilimpa Projestus miezi mitatu ya kupumzika. Ikiisha, daktari wa serikali atalikagua goti, na likionekana halifai, kazi basi, na kota ya Temeke atapewa mwingine. Watoto wanne wangekwenda wapi? Migomba ya Bukoba nduguze walishagawana. Apolonia alikuwa akichambua mchele huku machozi yanamtoka, wala hakujificha.

Waliomba sana, wote wawili. Ila Projestus, kila alipofika mahali pa kuomba goti lipone, aliparuka, akahamia kwenye shukrani.

Jumatatu ya ukaguzi ikafika. Apolonia akamsindikiza mumewe, akakaa kwenye benchi la nje. Fransis naye akaja na wanakwaya sita, ili kama ni muujiza uwe na mashahidi.

Daktari alikuwa mzungu mgeni nchini. Akasoma karatasi za London, akamlaza Projestus kitandani, akalikunja goti lenye kovu. Akalikunja tena. Akaligonga kwa kinyundo, akalizungusha, akalisukuma mpaka kisigino kikafika tako. Projestus hakukunja hata uso. Daktari akasema katika maisha yake hajaona upasuaji uliofana kama ule. Goti lilikuwa kama la mtu ambaye hajapata kuugua. Akapiga muhuri: kazini kesho asubuhi, Buguruni, kwa miguu. Alipoulizwa juu ya kuchechemea, akasema ni mazoea tu, yataisha yenyewe.

Huko nje Fransis akaanzisha wimbo. Apolonia akalia tena, safari hii kwa furaha, maana kazi imebaki na nyumba imebaki. Wakaimba njia nzima mpaka Temeke, na mwenye goti akawafuata kwa nyuma, taratibu, jasho linamtoka.

Walipofika, Apolonia akawaaga waimbaji, akafunga mlango wa chumbani. Akamkalisha mumewe kitandani, akaanza kumkanda palepale alipomkanda siku zote. Kisha akauliza jambo alilolimeza miezi mitatu.

"Baba Avelina, leo niambie kweli. Yule daktari wa London ilikuwaje akapasua goti lisilouma?"

Projestus akatazama kwanza mlango.

"Alilishika hili la kulia, akaniuliza, ndilo hili? Sasa mama Avelina, mzungu, tena daktari, wauguzi wote wamesimama wananisubiri mimi. Nikamjibu, ndiyo, bwana."