Mwenye Sauti ya Juu

Kundi letu lilizaliwa kooni mwangu. Ndivyo nilivyomjibu mtangazaji, hewani, alipotuuliza historia yetu. Kaka akainamia gitaa lake kama aliyedondosha kitu ndani.

"Sasa dada yenu anaacha kuimba," mtangazaji akasema. "Wapenzi wenu wanahofu kundi litakufa."

"Life kwa ugonjwa gani? Ile sauti ya juu inayowaliza watu kwenye kiitikio ni yangu."

Dada alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yakichemka.

"Wacha wee. Hebu tuonjeshe," mtangazaji akasema.

Chini ya meza nikamgusa dada mguu, ishara yetu ya tangu tuanze kupanda majukwaani. Akasita, lakini damu nzito kuliko maji.

Kaka akapiga gitaa. Nikapanua mdomo, shingo ikanitoka mishipa, na sauti ikapanda, nyembamba, safi, bila mkwaruzo. Mtangazaji alifumba macho kwa utamu.

"Mmesikia wenyewe," nikasema ulipokwisha wimbo.

Nyuma ya kioo, fundi mitambo akabonyeza kitufe ili naye asikike.

"Samahani, mdogo wangu. Kipaza sauti chako cha kuimbia sikuwa nimekiwasha."